Tepe ya Saa Kumi na Nusu

Kuna methali moja Mama Vioo alikuwa ameichoka kuliko kodi ya pango. Kila mteja aliyeingia uani kwake na gari lenye ufa kwenye kioo cha mbele alishuka, akakuna kichwa, akacheka, kisha akasema kana kwamba ameitunga njiani: "Ndiyo hivyo fundi, usipoziba ufa utajenga ukuta!" Naye anacheka. Afanyeje? Mteja ni mteja. Lakini moyoni anasema, hivi wewe, methali yote hiyo unaijua, na bado umekaa na ufa wiki tatu?

Miaka kumi na miwili alikuwa akifunga vioo vya magari katika ua ule, mabati upande mmoja, ukuta wa matofali upande wa pili. Alianza kwa kufagia vipande kwa fundi mwingine. Akaja akapewa kushika upande mmoja wa kioo, mwisho wa yote akashika pande zote mbili na fundi akahamia mji mwingine. Mikono yake ilijaa vikovu vidogo vyeupe, na kucha zilikuwa na weusi wa gundi usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Kazi aliijua. Kidonda cha kioo kikiwa kidogo kama sarafu, alikiziba asubuhi moja kwa bei ya viatu vya mtoto. Ufa ukishakimbia, hakuna dawa, ni kioo kizima, na bei ya kioo kizima unanunua baiskeli.

Hakuna mteja aliyemtisha. Madereva wa malori waliingia na matusi wakatoka na shikamoo. Mtu mmoja tu chini ya jua ndiye aliyemfunga mdomo, naye ni baba mkwe wake.

Mtaa mzima ulimwita Afande. Alikuwa askari wa barabarani kwa miaka arobaini, akastaafu, lakini uaskari haukustaafu ndani yake. Watani walisema hata akitoka chumbani kwenda sebuleni huangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena. Akiendesha, simu anaizima na kuifungia kwenye dashibodi. Kibao kikisema thelathini, ataenda thelathini, hata nyuma yake wapige honi mpaka betri ziishe. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa na sauti tu, ile sauti ya kusimamisha magari, na alikuja nayo nyumbani. Alimwita mkwe wake "binti wa watu." Hakuwahi kumtukana, na neno "fundi" nalo hakuwahi kulitamka. Kwake fundi alikuwa mwanamume mwenye spana.

Mumewe Mama Vioo alifanya kazi mbali, akirudi mara moja kwa miezi mitatu. Kila alipoondoka aliacha ombi lile lile: "Mzee akipandisha, wewe nyamaza tu, mke wangu. Usijibizane naye." Akanyamaza. Mwaka wa kwanza akanyamaza kwa adabu, wa pili kwa mazoea, na kufikia mwaka wa tisa hakujua tena kama anao mdomo wa kumsemeshea mzee yule.

Wiki tatu kabla ya mkasa wenyewe, lori lilirusha jiwe likaidonoa pikapu ya Afande kwenye kioo cha mbele, chini, upande wa abiria. Mama Vioo akajikaza. "Baba, nikuzibie leo. Ni kidogo sana."

Afande akainama, akapima kwa kidole. "Sheria inakataza ufa mbele ya macho ya dereva, pale wipa inapofuta. Huu uko kwa abiria, chini. Sheria haiudai."

Basi ufa ukakaa, kwa kuwa sheria haikuudai. Ijumaa moja, jua likiwa utosini, mzee akaiosha pikapu kwa maji ya kisima, baridi yakakutana na moto, na ufa ukatimua mbio kutoka kwa abiria hadi mbele ya macho ya dereva. Sasa sheria ikaudai. Afande hakuiwasha hata mara moja. Alikodi gari la kuivuta mpaka kwa mkwe wake, mwendo wa nyumba kumi, na Jumamosi asubuhi alikuwa amesimama uani mikono nyuma.

"Binti wa watu, itachukua muda gani?"

"Nikishafunga, gundi inataka saa moja tu, baba."

"Saa moja. Vizuri. Saa nane mchumba wangu ana miadi na daktari wa macho."

Mchumba ni mjukuu wake, binti wa Mama Vioo, miaka saba, aliyeanza kusoma daftari kwa pua. Babu na mjukuu waliitana mchumba tangu mtoto alipojua kucheka. Daktari huyo wa macho alifika zahanati ya mbali mara moja kwa mwezi, na Afande alikuwa amekataa katakata mtoto kupanda gari la mtu asiyezijua alama za barabarani.

Mama Vioo akakata gundi ya zamani kwa waya, akakitoa kioo, akasafisha fremu, akapaka dawa. Akaenda kwenye rafu kuchukua mirija ya gundi ya haraka. Akaisoma tarehe. Ilikuwa imepita miezi miwili.

Gundi iliyopitwa na tarehe haishiki, hata uipake kwa dua. Akavuka barabara hadi duka la spea. Haraka hakuna, wakamwambia, ipo ya kawaida. Ya kawaida ni saa nne.

Hapo ndipo pa kusema. Mnanisikia? Hapo hapo. "Baba, nimekosea, ni saa nne." Maneno matano, mtu angeyamaliza kabla ya kupiga chafya. Lakini aliporudi na mrija mkononi, mzee alikuwa mlangoni pa ua akitazama saa yake ya mkono, akisema na hewa: "Kazi ya kubahatisha hii." Mama Vioo akameza mate, na maneno yakateremka nayo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye aliuficha.

Akajipa moyo. Atapika, mzee atakula, akishakula atasinzia, na miadi ikipita ataomba radhi jioni. Zaidi ya hayo iko tepe. Kila kioo alichofunga alikibandika tepe tatu nyeupe, kioo kisiteleze, na kwenye tepe ya katikati aliandika kwa kalamu nene saa ambayo gari linaruhusiwa kutoka. Wateja wote waliijua tepe hiyo. Saa sita na nusu kioo kilikuwa kimekaa. Akaandika, herufi kubwa: SAA 10:30. Alichoshindwa kukisema aliiachia tepe ikiseme.

Mzee alikula. Hakusinzia. Saa saba na nusu kamili aliinuka, akanawa, akamshika mjukuu mkono, akaenda hadi kwenye pikapu na kuzitazama zile tepe kama mtu aliyekuta mlevi kalala barabarani.

"Kioo cha mbele hakibandikwi kitu," akasema. "Kuna faini." Akabandua ya kwanza, krrr, ya pili, krrr, ya tatu. Kusoma hakusoma, maana miwani yake ya kusomea ilikuwa nyumbani na hakudhani kwamba tepe ni barua. Akazifinyanga zote tatu ziwe tonge, akalitia mfuko wa shati, kwa sababu kutupa taka ovyo nako ni kosa.

"Baba..." Mama Vioo alisogea. "Nilikuwa naona... labda tungesubiri kidogo."

"Ulisema saa moja." Akamwonyesha saa ya mkononi. "Saa moja hii hapa. Au umesahau ulichosema?"

Mdomo ukafunguka. Na kilichotoka, jamani, hata yeye hakukitarajia.

"Nendeni salama."

Afande akamfunga mtoto mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Akapandisha madirisha yote mawili, kwa ajili ya vumbi. Akaingia, akaubamiza mlango kama wanavyobamiza milango ya mahabusu. Na Mama Vioo akaona kona ya juu ya kioo, upande wa binti yake, ikisukumwa na hewa iliyofungiwa ndani, ikivimba nje na kurudi. Ikapumua.

Pikapu ikatoka, taa ya ishara ikimetameta ingawa barabara haikuwa na mtu.

Alisimama labda muda wa kuhesabu kumi. Kisha mwili ukaamka kabla ya akili, akakimbia hadi barabarani akipunga mikono. "Baba! Baba, simama!" Pikapu ilikuwa imeshakata kona. Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena huku akijua, maana simu ile imezimwa na imefungiwa kwenye dashibodi, umbali wa mkono kutoka magoti ya mtoto wake. Mzee alikuwa akiitii sheria.

Barabara ile aliijua. Matuta saba, kisha mteremko, kisha kizuizi cha askari, kisha barabara kuu. Kwenye matuta na mwendo wa thelathini kioo kinaweza kujishikilia, kinaweza kisijishikilie. Barabara kuu kibao kinaruhusu themanini, na Afande akiruhusiwa themanini huenda themanini. Upepo wa themanini ukikutana na kile kioo, kingechomoka, na kabla ya kutua kingepita usoni mwa mtoto.

Lazima asimame kabla ya barabara kuu. Na duniani kitu kimoja tu kingeweza kumsimamisha mzee yule, askari mwenye mkono juu.

Namba alikuwa nayo. Kizuizini alikaa Koplo, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye kazi aliifundishwa na Afande mwenyewe. Mwaka uliopita Koplo alipita uani, akakuta gari likitoka na wipa mbovu, akamnyooshea Mama Vioo kidole: "Fundi, likitoka tena hapa gari lisilofaa barabara, naufunga huu ua. Sikwambii mara ya pili." Kupiga simu hii maana yake ni kujipeleka mwenyewe. Na kumkamatisha baba wa mumewe mchana kweupe, mbele ya watu, kwenye kizuizi alichokisimamia miaka arobaini. Mume akisikia? Mawifi wakisikia? Wakwe wangekaa kikao mpaka majogoo wawike.

Akapiga moyo konde, akabonyeza.

"Koplo, kuna pikapu nyeupe inakuja kwako. Isimamishe. Nakuomba, isifike barabara kuu."

"Kosa?"

"Kioo cha mbele hakijashika."

"Nani kakifunga?"

"Mimi."

"Nani karuhusu litoke?"

"Mimi. Nimeliruhusu mimi, nikijua. Mwanangu yumo."

Koplo akauliza, polepole, "Pikapu nyeupe ya nani?"

"Unaijua."

Simu ikakatika. Hakujua imekatwa kwa kukubali au kwa kukataa.

Akaparamia bodaboda ya kwanza iliyopita, na ovaroli yake na mikono myeusi. "Twende kizuizini!"

"Mama, kofia ninayo moja tu, tutapigwa faini..."

"Twende nimekwambia!"

Wakaenda. Tuta la kwanza, akaangalia chini. Lami kavu. La pili, kavu. La tatu palikuwa na kitu kinang'aa, roho ikamruka, kumbe mfuniko wa chupa. Akawa anazungumza peke yake, dereva asielewe: nilikuwa na mdomo, nilikuwa nao, kwa nini sikusema? La nne. La tano ndilo bovu kuliko yote, lile linalotikisa meno. Kavu. La sita. La saba. Wakashika mteremko, na pale chini akaona watu wamekusanyika, na akafumba macho.

Alipofumbua, pikapu ilikuwa pembeni, imesimama. Kioo kilikuwepo.

Afande alikuwa ameshuka. Alisimama wima kama mlingoti, na mbele yake, juu ya ukingo wa barabara, alikuwa amepanga kila kitu kabla hajaombwa: leseni, bima, pembetatu mbili nyekundu, mtungi wa kuzimia moto, kisanduku cha dawa. Madereva wawili watatu walikuwa wamepunguza mwendo wafaidi. Afande kasimamishwa! Wengine walishatoa simu.

"Koplo, nakuuliza kwa mara ya tatu. Kosa gani? Raia ana haki ya kuelezwa kosa lake. Nani alikufundisha hivyo? Mimi sikukufundisha hivyo!"

"Subiri, afande," Koplo akasema, bila kumtazama usoni.

Mtoto alikuwa bado ndani, amefungwa mkanda wake, akitabasamu. Mama Vioo hakumsalimu mtu. Alikwenda hadi mlango wa abiria, akaufungua taratibu kama mtu anayemtoa kifaranga kwenye yai, akamtoa mwanawe, akamshikilia kiunoni na miguu ikining'inia, mkubwa mzima wa miaka saba.

"Mama, unanibana."

"Najua."

"Binti wa watu, umefuata nini huku?" Afande akauliza. Kisha akamtazama, akamtazama Koplo, akamtazama tena, na mambo yakamwingia. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo ilitisha zaidi. "Ni wewe? Wewe ndiye umepiga simu kuniita mhalifu?"

Ile hofu ya miaka tisa ikaja mbio kama kawaida yake. Ikamkuta amembeba mtoto.

"Ndiyo, baba. Ni mimi. Gundi niliyoweka ni ya saa nne, si ya saa moja. Ya saa moja ilikuwa imeharibika. Nilijua toka saa tano. Nikakuacha ukaondoka."

"Upuuzi! Kioo hiki nimekuja nacho kwenye matuta saba. Kiko imara."

"Weka mkono, baba. Kwa ndani, kona ile ya juu. Sukuma kwa vidole viwili tu."

Afande akaingiza mkono kupitia mlango ulio wazi, kwa dharau, vidole viwili. Akasukuma. Kona ya kioo ikaondoka kwenye fremu bila hata kulia. Ikatoka nje upana wa kidole, na gundi nyeusi ikavutika nyuzi nyuzi kama lami ya juani. Alipouondoa mkono, kona ikarudi nusu tu, ikabaki imeachama, juu kabisa ya kiti alichokuwa amekalia mjukuu wake.

Mzee akakitazama kile kiti. Mkanda ulikuwa bado unaning'inia. Akaufikia, akaushika, akauvuta mara mbili, sijui kwa nini.

"Koplo," akasema, "andika. Dereva ndiye mwenye gari akiwa barabarani. Niandike mimi."

"Nakuandika, afande." Koplo alikuwa ameshafungua kitabu. "Na ua naufunga siku kumi na nne. Nilikuonya, fundi."

"Ulinionya," Mama Vioo akasema. Siku kumi na nne. Kodi ya pango haifungwi siku kumi na nne. Lakini mtoto alikuwa anahema shingoni mwake, joto lake lote.

Afande hakumtetea wala hakumshutumu. Aliketi ukingoni, kati ya pembetatu na mtungi wa moto, mzee yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi barabarani. Akatia mkono mfuko wa shati kutafuta kitambaa, akatoa tonge la tepe. Akaligeuza. Akaanza kulibandua, polepole, tepe kwa tepe, mpaka weusi wa kalamu ukajitokeza.

"Mchumba, njoo unisomee. Sina miwani."

Mtoto akateremka, akaipeleka tepe puani, akakunja macho. "Saa... kumi... na nusu, babu. Mwandiko wa mama."

"Uliandika," Afande akasema.

"Niliandika, baba."

"Ukaniona naibandua."

"Nilikuona."

"Ukaniogopa kiasi hicho? Mpaka na mtoto yumo ndani?"

Jibu lilikuwa hapo, limeachama juu ya kiti. Macho ya mzee yakajaa, akayafuta kwa kiganja kwa haraka.

"Siku nyingine usiniandikie," akasema. "Niambie."

"Sawa, baba."

Magari yakapita. Koplo akarudi kwenye kizuizi chake. Afande akakohoa, akatazama saa ya mkono, na uaskari ukamrudia kidogo kidogo, akainuka, akakung'uta suruali, akaokota pembetatu zake. Funguo zilikuwa mkononi.

"Saa nane kasoro dakika tano. Zahanati haiko mbali sana kutoka hapa. Tukipita njia ya ndani, taratibu, mwendo wa kumi tu, madirisha wazi..."

"Hapana," Mama Vioo akasema.

Mzee akageuka. Hata mtoto aligeuka.

"Gari halisogei mpaka saa kumi na nusu. Na kioo kinatoka, naagiza gundi na vifaa, nakifunga upya hapa hapa, kwa hiyo ni zaidi ya hapo. Lete funguo, baba."

Afande alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama leseni ya mtu. Kisha akamsogelea, akafungua kiganja, akampa.

"Kumi na nusu ile imekufa, basi," akasema. "Sasa litatoka saa ngapi, fundi?"